Tuhesabu watu wa nyumba mbele ya kugawa paneli



Mavuno ya kahawa yakiisha na ristuni ikikaribia kutoka, koperative nyingi za kwetu Kivu zinaanza kuzungumza juu ya jambo moja: kununua seti za jua kwa deni na kugawia kila mwanachama seti moja. Paneli, batri, ampuli nne, na wakati mwingine tele ndogo. Mwanachama atalipa kidogo kidogo kwa kahawa ya misimu inayokuja. Wazo ni zuri. Giza la usiku tunalijua sote, na hakuna mtu mwenye kutamani kurudi kwenye moshi wa taa ya petroli.

Lakini kuna maneno katika mpango ule ambayo mimi siyakubali: "kila mwanachama seti moja, wote sawa sawa". Kwa maoni yangu, koperative ikigawa kitu cha namna moja kwa nyumba zote, itasaidia nyumba chache, itaingiza zingine katika deni la bure, na jikoni, pale tunapotumia nishati zaidi kuliko pengine pote, patabaki vile vile. Ninaomba tuhesabu kwanza watu wa nyumba. Nyuma, tugawe.

Umeme ukifika, mbabula haiondoki

Ninaposema nishati, ninasema kuni, makala, petroli, batri, jua na umeme wa waya. Benki ya Dunia inahesabu ya kwamba katika vijiji vya inchi yetu ni karibu mtu 1 tu kwa watu 100 anayepata umeme. Inga 1 ilianza kazi mwaka 1972, Inga 2 mwaka 1982, na waya wake unasafiri zaidi ya kilomita 1,700 mpaka Kolwezi, kwenye migodi. Njiani unapita juu ya vijiji ambavyo vinapika na kuni mpaka leo.

Wengi wanafikiri ya kwamba shida ni hiyo tu: waya ukifika, kila nyumba itaacha kuni, itapanda kwenye makala, kisha kwenye umeme, kama mtu anayepanda ngazi. Haiendi vile. Huko Rutshuru, kituo cha Matebe kinatoa umeme tangu 2015, na waya wake umefika mpaka Goma. Lakini ingia kwenye nyumba nyingi za Goma zenye umeme, zunguka nyuma ya nyumba, utakuta mbabula inawaka na gunia la makala pembeni. Umeme ni wa taa, simu, tele na pasi. Maharagi ni ya makala.

Si kwetu tu. Mwaka 2000, watafiti waliofuatilia vijiji vya Mexico kwa miaka mingi walionyesha ya kwamba jamaa zilizonunua jiko la gesi hazikuacha kuni. Ziliongeza gesi juu ya kuni, kila moja kwa kazi yake. Nyumba haihami kutoka nishati moja kwenda nyingine. Inaongeza. Na namna inavyoongeza inategemea nani anaishi ndani, wako wangapi, wanapika nini, wanapata franga wakati gani, na nani anazishika.

Nyumba mbili, kahawa sawa sawa

Tuchukue mfano. Tuseme kijiji kimoja kiko na wanachama wawili. Kila mmoja ana miti 500 ya kahawa, na wote wanauza kwenye kituo kimoja cha kuosha. Kwenye daftari ya koperative, ni watu sawa kabisa.

Nyumba ya kwanza iko na baba, mama, watoto 6, nyanya, na ndugu 2 waliokimbia vita. Ni vinywa 11. Watoto 4 wanasoma. Nyumba imeezekwa mabati. Simu ziko 3. Kuni hazinunuliwi, kwa sababu mikono ya kuzitafuta ni mingi.

Nyumba ya pili ni ya mama mjane na wajukuu 2 wadogo. Ukuta ni wa udongo, juu ni majani. Simu iko moja. Mama hana mtu wa kutuma msituni, na mgongo wake haubebi tena mzigo wa kuni. Basi ananunua makala sokoni, fungu kwa fungu, kila siku mbili.

Sasa tuangalie jikoni. Chungu cha maharagi ya watu 3 kinaiva kwa muda karibu ule ule wa chungu cha watu 11. Moto haujui kuhesabu vinywa. Kwa hiyo nyumba kubwa inatumia kuni nyingi kwa jumla, lakini ukigawanya kwa kila mtu, nyumba ndogo ndiyo inayochoma zaidi. Na tena mama anayenunua makala kwa fungu, makala yake inamgharimu zaidi kuliko ya mwenye kununua gunia zima. Mwenye franga kidogo ndiye anayelipa sana. Hiyo haionekani kwenye daftari ya kahawa.

Tuseme tena seti ya jua ni dola 120, na kila mmoja wao anapata ristuni ya dola 40 kwa mwaka. Wote watalipa miaka 3. Kwa nyumba ya watu 11, ampuli nne zitawaka zote: watoto watasoma, simu 3 zitachajiwa nyumbani, na jirani atakuja kuchaji yake kwa kulipa. Lile deni litafanya kazi. Kwa mama mjane, ampuli moja itawaka na tatu zitakaa kwenye boksi. Paneli yenyewe ni shida kuifunga juu ya majani, ataiweka uwanjani asubuhi na kuirudisha jioni akiogopa wezi. Kwa miaka 3 ristuni yake yote imekwisha, na kila siku mbili anaendelea kununua fungu la makala. Taa moja ndogo ya jua na jiko bora vingemtosha, tena kwa deni dogo zaidi.

Hiyo ndiyo sababu ninasema ya kwamba kugawa sawa si sawa na haki.

Nani anashika franga

Jambo la tatu linasemwa kwa sauti ya chini tu katika mikutano yetu. Karti ya mwanachama, mara nyingi, iko kwa jina la bwana. Ristuni inatoka mkononi mwa karani na kuingia mkononi mwa bwana. Ni yeye anayechagua chombo. Na bwana anachagua nini? Redio, simu, tele. Ukimuuliza bibi yake, atasema jiko, ao madumu ya maji, ao mashini ya kusaga mihogo karibu na kijiji.

Sisemi ya kwamba wanaume ni wabaya. Wahenga walisema: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Mwanaume hakai ndani ya moshi. Shirika la Afya la Dunia linahesabu ya kwamba mwaka 2020 moshi wa nyumbani, ule wa kuni, makala na petroli, uliua watu karibu milioni 3.2 duniani. Katika nyumba zetu, anayeuvuta sana ni mama anayepika na mtoto aliye mgongoni kwake. Na pande za Parki ya Virunga, mama na wasichana wanaokwenda kutafuta kuni wanakutana na watu wenye silaha. Kuna wale waliobakwa, kuna wale ambao hawakurudi. Fungu la kuni lenye bei ya namna hiyo haliwezi kuitwa la bure.

Tusisahau pia ya kwamba mlimaji hapati franga kila mwezi kama mwalimu mwenye mshahara. Kule Kalehe, kwa mfano, kahawa inavunwa kati ya Machi na Juni. Maharagi ya msimu A yanatoka Desemba na Januari. Katikati, mfuko ni mtupu. Njo maana vyombo vingi vinanunuliwa wakati wa mavuno, na vingine vinauzwa mtoto akigonjwa ao shule ikifunguliwa. Kwa nyumba nyingi, redio na simu ni akiba: unainunua ukiwa na franga, unaiuza ukikosa. Mpango wa deni ambao unadai malipo kila mwezi, sawa sawa, haujui maisha ya mlimaji.

"Lakini wewe agronomi, jikoni inakuhusu nini?"

Baba mmoja aliniuliza vile, na watu walicheka. Swali ni la haki. Jibu langu ni hili: inanihusu kwa sababu jiko linakula shamba.

Kuni zikikosa, mama anachoma kile kilicho karibu: mabua ya mahindi, maganda na majani makavu ya maharagi. Lakini vile ndivyo vingefunika udongo wa kahawa na kuoza kuwa mbolea. Tunachoma chakula cha udongo, halafu tunashangaa mavuno yanapungua. Mnajua pia ya kwamba maharagi ya kupanda juu inataka vijiti vya kushikilia, vingi sana kwa kila shamba. Vijiti vile vile vinatamaniwa na jikoni. Nimeona mashamba ambamo vijiti vilikwisha kuchomwa mbele ya mbegu kufika, na mlimaji akarudia maharagi mafupi ambayo yanazaa kidogo.

Tena kuna saa za kazi. Asubuhi nzima ya kutafuta kuni ni asubuhi moja ambayo hakuna aliyepalilia. Nyumba yenye mikono mingi inaweza kugawana kazi. Nyumba ya mjane, ao ya kijana na bibi yake mwenye mtoto mchanga, haiwezi. Ukitaka kujua kwa nini shamba fulani limejaa majani, wakati mwingine usiangalie shamba, angalia watu wa nyumba.

Na makala? Kwa tanuru ya udongo ya kwetu, kilo 1 ya makala inakula kilo 5 mpaka 10 ya miti. Zaidi ya nusu ya nguvu ya mti inapotelea kule kule kwenye tanuru, mbele ya gunia kufika njiani. Mwanachama anayefurahi kuhama kutoka kuni kwenda makala anapata moshi kidogo jikoni, ni kweli, lakini kilima chake kinapata mzigo mkubwa zaidi.

Hesabu ya wati kwa mwenye kutamani tele

Wengine watasema: basi tununue paneli, tupike na jua. Tufanye hesabu pamoja. Paneli ya wati 50, siku ya jua nzuri, tuipe saa 4 za nguvu kamili. 50 mara 4 ni 200. Ile 200 ndiyo posho yenu ya siku nzima.

Ampuli 4 za wati 3, kila moja saa 4: mmetumia 48. Simu 2: karibu 30. Redio ya wati 3 kwa saa 5: 15. Jumla ni 93. Ongeza tele ndogo ya wati 20 kwa saa 4: 80. Mmefika 173, na kinachobaki ni kwa kile kinachopotea ndani ya batri. Siku ya mawingu, tele ingoje.

Sasa, sahani ya kupikia ya umeme ni wati 1,000. Ikiwaka saa moja tu, imekula 1,000. Ni posho ya paneli yenu ya siku 5, na maharagi hayajaiva. Kwa hiyo seti za jua tunazozungumza ni za mwanga, simu na habari. Ni kitu cha maana, sikidharau. Lakini hazitatoa moshi hata kidogo jikoni. Mtu asiwauzie paneli akiahidi ya kwamba mama hatatafuta kuni tena.

Na batri iko na mwisho wake. Batri ya risasi mara nyingi haivuki miaka 3 ao 4, na ukiiacha iishe kabisa kila usiku inakufa mapema. Nyumba ya watu wengi, yenye vijana wanaoangalia tele mpaka usiku wa manane, itaiua upesi. Hesabu ya deni bila hesabu ya batri mpya ni nusu ya hesabu.

Ninachopendekeza

Kwa mkutano mkuu unaokuja, ninaweka mapendekezo matano mbele yenu.

1. Kila mwanachama ajaze karatasi ya nyumba. Si ndefu. Watu wangapi wanakula kwenye chungu kimoja? Nani ni mwanafunzi, nani ni mtoto mdogo, nani ni mgonjwa ao mzee? Mnapika na nini, mnakipata wapi, na nani anakitafuta? Nyumba imeezekwa nini? Simu ziko ngapi, mnazichaji wapi, kwa franga ngapi kwa juma? Franga inaingia miezi gani? Asiyejua kuandika, karani amwandikie. Na bibi wa nyumba awe pale wakati wa kujibu, kwa sababu maswali mengine ni yeye tu anayejua jibu.

2. Kima cha deni kiwe kimoja kwa wote, lakini vitu viwe vya kuchagua: taa ndogo ya jua, seti ya ampuli nne, seti yenye tele, jiko bora la makala, jiko bora la kuni. Anayechukua kidogo, adaiwe kidogo. Hapo tunabaki sawa mbele ya koperative, na kila nyumba inapata kile kinachoifaa.

3. Sahihi ziwe mbili, ya bwana na ya bibi. Deni la chombo cha nyumba ni deni la nyumba. Na mjane, ao mama anayeongoza jamaa peke yake, apewe haki ile ile bila kuombwa karti ya mwanaume.

4. Malipo yafuate msimu. Tulipe kahawa ikiuzwa, tupumzike wakati mfuko ni mtupu. Na kwa maoni yangu deni lisikate zaidi ya theluthi moja ya ristuni ya mwaka mmoja. Nyumba ambayo karatasi yake inaonyesha ya kwamba haiwezi, tuiambie mapema, kwa upole, na tuisaidie kuanza na kitu kidogo. Ni heshima kubwa kuliko kumnyang'anya mtu paneli mbele ya majirani.

5. Kila deni la chombo liende pamoja na miche. Kaliandra na lesena kwenye mistari ya kuzuia mmomonyoko, grevilea kwenye mipaka ya shamba na katika kahawa. Zinatoa kuni, vijiti vya maharagi, na majani ya mbuzi. Kalitusi ipandwe, lakini mbali na mashamba na chemchemi, kwa sababu inakunywa maji sana.

Kuna pia mambo ambayo hayangoji deni wala mkutano. Loweka maharagi usiku kucha mbele ya kupika, muda wa moto utapungua sana. Funika chungu. Kausha kuni chini ya paa mbele ya mvua za Septemba, kwa sababu kuni mbichi inapoteza moto wake kwa kujikausha yenyewe. Jenga jiko la udongo wa kichuguu lenye ukuta unaozunguka chungu. Likitengenezwa vizuri linaweza kupunguza kuni kwa theluthi moja, ao zaidi, ukilinganisha na mafiga matatu.

Ninajua ya kwamba wengine watasema kuhesabu watu wa nyumba kunachelewesha mambo, na mwenye kuuza seti anangoja jibu kesho. Mwenye kuuza anaweza kungoja. Yeye ataondoka na franga yake siku ile ile, na sisi tutabaki na deni kwa miaka 3. Majuma mawili ya kujaza karatasi si mengi.

Basi, marais wa koperative na makarani, mkutano mkuu ukifika, mbele ya kuuliza "tununue seti ngapi?", anzeni na karatasi za nyumba mezani. Na ninyi akina mama, msingoje kuitwa. Jazeni karatasi mapema, zungumzeni na bwana zenu nyumbani, na mje nazo mkononi.